Mhadhiri wa Ziwani na Dishi la Kusikiliza Nyota

Wiki iliyopita tulimzika mhadhiri wa fizikia aliyekuwa jirani yangu hapa mtaa wa Ziwani, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi mwa nchi. Saratani imemchukua kabla hajastaafu. Wengi mtaani walimjua kama yule mama aliyenunua dishi kuukuu la televisheni huko Dandora, akalipeleka chuoni kwa mkokoteni. "Madam, mpira unaanza saa ngapi?" vijana walimtania. Naye akawajibu, "Hili ni la kusikiliza nyota, hata mchana." Hakuwa anatania. Gesi ya haidrojeni iliyotapakaa katikati ya nyota hutoa mawimbi hafifu ya redio, naye alitaka wanafunzi wake wayanase kwa darubini ya redio waliyoiunda wenyewe juu ya paa la chuo.

Alinialika siku ya uzinduzi. Wakuu wa chuo walikuja na wageni waliotaka kuufadhili mradi. Kwenye skrini ya kompyuta mstari ulipanda ukafanya nundu, mahali hasa palipotarajiwa mawimbi ya haidrojeni. Makofi yakaanza. Yeye akanyanyua mkono, akaligeuza dishi litazame ukuta, ambako hakuna nyota ya kusikiliza. Nundu haikutikisika. Mwanafunzi mmoja aliyesimama kati yetu akamnong'oneza, "Madam, si tuache tu? Hawa hawatajua." "Sisi tushajua," akasema, kisha akawageukia wageni. "Samahani. Hizi ni kelele za mitambo yetu wenyewe. Nyota hatujazisikia bado." Wageni waliondoka na ufadhili wao. Nikadhani yamekwisha.

Jumatatu iliyofuata alikuwa paani na wanafunzi walewale. Walizima kifaa kimoja baada ya kingine mpaka wakagundua kelele zinatoka kwenye adapta ya umeme ya kompyuta. Wakaiondoa, wakatumia betri ya gari, wakakifunika kipokezi cha mawimbi kwa sanduku la bati. Miezi ikapita. Mchana mmoja akanipigia simu: "Njoo uone." Dishi likielekea angani, nundu ilikuwepo; likielekea ukutani, ilitoweka. Wanafunzi walikumbatiana wakirukaruka. Yeye aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia, akafuta machozi, akasema, "Haya, tupime tena."

Nchi hii tunapenda uzinduzi. Tunakata utepe, tunapigwa picha, na hakuna anayerudi kuuliza kama kisima kina maji au kama mashine ya hospitali inawaka. Mama huyu aliuliza siku ileile, mbele ya watu aliowahitaji, jibu likamgharimu, na bado akarudi kazini. Anayetaka kumuenzi aipime kazi yake mwenyewe bila huruma, aseme ukweli ikiwa imeharibika, kisha aanze kuitengeneza.