Miiba ya Shemeji

Babu zetu walipita njia ile ya misafara inayopita kwetu, na pembe za ndovu mabegani, wakaenda pwani wakarudi, na sikuwahi kusikia hata mmoja aliyesema karogwa kwa sababu ya mwiba. Hilo lilimsubiri shemeji yangu.

Alikuwa mume wa dada yangu, mnunuzi wa nta wa tajiri mmoja wa Mtendeni, kule mjini, na kijijini kwetu ndiye peke yake aliyekuwa na baiskeli. Basi tusipumue! Kengele aliipiga hata njia ikiwa tupu. Mimi nilikuwa nimerudi kuishi kwa bibi, mzaa mama, baada ya ndoa kunishinda, na bibi alimtania shemeji kila alipopita, kama bibi yeyote wa Kinyamwezi anavyomtania mume wa mjukuu wake: "Mume wangu, unaniacha kwa ajili ya hicho chuma? Iko siku utakibeba mgongoni." Watu walicheka, naye alicheka.

Kiangazi kile tairi zikaanza kutoboka. Anatoka asubuhi, hajafika mbali, pancha. Anaziba, anajaza upepo, anapanda, pancha tena. Mpira wa ndani ukawa viraka vitupu. Na kweli siku moja tulimwona anarudi, jasho linamtiririka, chuma kiko mgongoni. Hapo ndipo kichwa maji yule alipoyakumbuka maneno ya bibi, ila hakuyakumbuka kama utani.

Neno likaenea. Wanawake wakaacha kuja kuomba moto kwetu. Na kwetu mwanamke mzee akishaitwa mchawi, ama anahama, ama siku moja anakutwa amekufa na hakuna aliyeona kitu. Niliogopa.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa imekataza kesi za uchawi, kwa hiyo mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, aliita kikao akasema hii si kesi, ni mazungumzo tu. Asubuhi ya hayo mazungumzo nilikwenda kuokota kuni, nikaona njia imejaa michirizi, kama imefagiwa na mvivu. Nikaifuata. Miiba ya mgunga ilikuwa imetapakaa njia nzima, na michirizi ikaenda kuishia kwenye zizi la ng'ombe la shemeji, ambalo alikuwa akiliongezea uzio. Baiskeli imeegeshwa pale pale, na nyuma yake, kwenye keria, kamba bado imefunga tawi la mgunga.

Nilicheka peke yangu. Bwana mkubwa aliona kukokota matawi kwa mkono ni kazi ya watembea kwa miguu. Jioni anayafunga nyuma ya baiskeli, anayaburuta njiani mpaka zizini. Asubuhi anapita juu ya miiba aliyoimwaga mwenyewe. Sisi wengine ilituchoma vilevile, ila tuliing'oa tukaendelea na safari.

Nikalifungua lile tawi, nikalikokota hadi kikaoni, nikalitua mbele ya mwanangwa na kueleza yote. Shemeji hakukana. Alikuna kidevu, akasema, "Kweli, niliikokota mimi. Lakini nani alinitia akili hiyo? Mtu mzima, na akili zake timamu, anaweza kumwaga miiba kwenye njia yake mwenyewe?"

Na wazee wale, wenye ndevu zao, wakatikisa vichwa kukubali. Mpaka leo nikikumbuka vile vichwa natamani kutema mate.

Bibi akamtazama. "Kwa ujinga, mume wangu," akasema, "hujawahi kuhitaji msaada wangu."

Hakuna aliyecheka. Hapo tukajua imekwisha, kijijini hapatukaliki tena. Dada yangu alikuwa ameinamisha kichwa karibu na mumewe, wala hakukiinua.

Kesho yake tukaondoka kwenda kwa kaka yake bibi, upande wa Ulyankulu. Mimi nimebeba chungu na mkeka, yeye kigoda chake. Hatukufika mbali akaweka kigoda chini, akaanza kuokota miiba njiani na kuitupa porini. Nikamwambia aiache, imtoboe aliyeimwaga.

"Na wenye miguu je?" akasema.

Nikatua mzigo, nikainama naye, huku namtukana shemeji kwa kila mwiba niliouokota.