Mkasi Uliokata Makatoni

Mtaani walimwita Suti, kwa kuwa alikata suti tangu enzi ambazo mtu alipimwa mabega, akarudi kuijaribu ikiwa bado na bandi, ile mishono ya muda, na akarudi tena ikibidi. Siku hizi mtu huchomoa suruali kwenye rundo la mitumba, akaikadiria kiunoni palepale barabarani, akaondoka akijiona kapendeza.

Kiharusi kilimkuta mezani, chaki mkononi, kikaulaza mkono wa kulia. Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, ndiye aliyemkimbiza hospitali. Hiyo ni haki yake, apewe. Tangu ujana walishiriki kibanda kimoja, Suti akikata, shemeji akishona.

Daktari alipima damu, akawaeleza wote wawili.

"Kuna protini ambayo ini huitoa mwili unapowaka kwa ndani. Yako iko juu, mzee. Huenda ni haya maambukizi ya kifua, huenda ni lile jeraha la ubongo lenyewe. Wenye kipimo cha juu mara nyingi huchelewa kupona."

"Kuchelewa, au kutopona?" Suti aliuliza, mdomo umeenda upande.

"Nimesema kuchelewa. Damu si hakimu. Tutapima tena."

Shemeji aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa.

Nyumbani, binti wa Suti alimsimamia mazoezi: kubana vibanio vya nguo, kisha kushikana mikono.

"Nibane, baba! Hii ni salamu au umenipa samaki mlegevu?"

"Samaki huyu alikulea," alijibu, jasho likimtoka.

Alivumilia yote kwa ajili ya kitu kimoja tu: kurudi kwenye meza yake ya kukatia. Shemeji alikuja kumjulia hali, na kila mara aliaga kwa maneno yaleyale. "Meza inakungoja, shem."

Damu ilipopimwa tena, kipimo kilikuwa kimeshuka. Kifua kilikuwa kimepona, vidole vinafunga. Suti alimkatalia binti yake kwenda nyumbani kabla hawajapita wote kibandani kumpa shemeji habari.

Meza haikuwepo. Mahali pake palijaa marobota ya nguo zilizoshonwa na watu wasiojulikana kwa miili isiyojulikana. Shemeji alikuwa amepiga magoti, akikata makatoni na mikanda ya nailoni kwa ule mkasi mweusi ambao Suti hakuwahi kuruhusu uguse hata karatasi.

"Shem! Mbona hukusema unakuja?"

"Ningesema, ungeuficha mkasi?"

"Usinielewe vibaya. Daktari alisema mbele yako. Damu inawaka, mkono ndio basi. Wateja wakiuliza, ningewaambia nini?"

"Uliwaambia nini?"

Shemeji alijikuna goti. "Kwamba umestaafu."

"Na mimi ukaniambia meza inaningoja."

"Ulikuwa mgonjwa, shem. Nilitaka upate moyo."

Suti aliuchukua mkasi, akaujaribu kwenye pindo la shati lake mwenyewe. Mkono ulifunga vizuri. Mkasi ndio uliotafuna kitambaa, ukakiacha kinaning'inia kama kilichogugunwa na panya.

"Tutaunoa," shemeji alisema haraka. "Tusigombane, sisi ni ndugu. Nipe mkono yaishe."

Binti alimtazama baba yake. Salamu hiyo walikuwa wameifanyia mazoezi kila jioni.

Suti aliubana mkasi kwapani, akautumbukiza mkono wa kulia mfukoni.

"Huu haujapona," alisema. "Si ulishawatangazia watu?"

Akatoka.