Fundi Aliyekatazwa Neno Lake

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Fundi Seti, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kibanda chake cha kutengeneza redio, runinga na saa kilibanana kati ya kinyozi na duka la viatu, na ukipita hapo asubuhi ungemsikia akiongea na mashine: "Tulia wewe, ngoja nikuseti." Redio inayokoroma aliiseti. Saa aliiseti. Antena aliiseti juu ya paa la mtu huku akiwapigia kelele walio ndani wamwambie kama picha imekaa. Mpaka hapo hakuna ubaya, mafundi wengi husema hivyo. Shida yake ni kwamba hakujua pa kuishia. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, mkewe aliambiwa auseti. Tumbo likimsokota, lilikuwa halijaseti. Watoto wa jirani wakipigana, aliwatenganisha na kuwaseti, kila mmoja upande wake.

Binti yake wa pekee alikuwa mwalimu wa Kiingereza, na unaweza kuona mwenyewe alivyoteseka. Siku moja alimkalisha babake akamweleza kwamba wenye lugha nao wanalitumikisha neno hilo vibaya sana: kuandaa meza, jua kuzama, zege kushika, mfupa uliovunjika kurudishwa mahali pake. Alidhani akisikia hivyo atalionea huruma, apunguze. Fundi aliruka kwa furaha.

"Kumbe hata jua linaseti! Siku zote hizo ulikuwa unanificha?"

Tangu hapo hapakuingia jioni bila yeye kusimama mlangoni na kuitangazia familia kwamba jua limeseti.

Basi kijana mmoja, nesi, akampenda binti, akaomba kuja na mama yake wajitambulishe. Binti akamfuata babake kibandani.

"Baba, nakuomba. Mama yake ni mtu wa maneno machache na macho makali. Siku hiyo tu, lile neno liache hapa."

"Neno gani?"

"Baba!"

Fundi akaapa. Lakini mkewe alimjua kuliko anavyojijua, na kiapo chake hakukitilia maanani. Alipanga kukaa ubavuni mwake na kumkanyaga mguu kila atakapotaka kuteleza.

Wageni walifika Jumamosi mchana. Mama wa kijana, mshonaji wa nguo, alikaa wima kwenye kochi, mkoba magotini. Chai ikamiminwa.

"Karibuni sana," Fundi akaanza, "jisikieni nyumbani, ngoja niwase..."

Mguu ukakanyagwa. Akamalizia kwa kukohoa.

"Na kazi inaendaje?" mgeni akauliza.

"Nzuri tu. Mtu analeta redio yake mbovu, mimi naichukua, nai..." Akatupa jicho chini. "Naitazama."

"Unaitazama tu?"

"Naitazama sana."

Mgeni akanywa chai. Fundi akaona heri kunyamaza kabisa, maana kila sentensi aliyoijaribu kichwani ilikuwa na lile neno limekaa katikati.

"Tusizunguke," mshonaji akasema. "Watoto wamependana. Tumekuja kumsikia baba anasemaje."

Fundi akafungua mdomo, akaangalia mguu wa mkewe, akaufunga. Jasho likamtoka. Mgeni akaweka kikombe mezani.

"Naona mwenzetu hajaridhika. Mwanangu, hatulazimishi mtu. Tuage."

Kijana akanyanyuka, uso umemshuka. Binti akaja mbio kutoka jikoni, akajipenyeza kwenye kochi katikati ya baba na mama, machozi yanamlengalenga.

"Baba, sema basi!"

"Umenikataza!"

"Sema tu unavyosema!"

"Niseme nini?" Fundi akalipuka. "Mama wa huyu binti alikuwa anatoka alfajiri kwenda kufagia sokoni, mimi ndiye niliyekuwa namseti nywele. Zilisimama kama waya, lakini shule alikwenda. Nikamseti viatu, nikamseti begi, alipofeli mtihani nikamseti moyo, mpaka huyo akaseti. Leo mmekuja kumchukua. Kijana nimemwona, ameseti, sina kinyongo naye. Ila mimi je? Nikibaki hapa bila huyu mtoto, nani ataniseti mimi?"

Mshonaji akafungua mkoba, akatoa leso, akayafuta yale macho makali.

"Mkwe," akasema, akikaa tena, "hapo sasa umeongea."

Binti akamshika babake mkono, ule wenye makovu ya kuungua na waya za moto.

"Tutakuseti, Baba," akasema. "Kila Jumapili tutakuja kukuseti."

Mama yake, kwa mazoea, akamkanyaga binti mguu.