Kura ya Bwana Earl

Msimu ule wa uchaguzi ulinukia plastiki mpya na nyasi zilizokatwa. Sebule yetu pale Mansfield ilijaa mabango ya Bi Ruth, na kila Jumamosi Mama, akiwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, alikunywa chai yake akiwa amesimama, akachukua nyundo, tukaenda kuyapigilia kwenye nyua za waliokubali. Bi Ruth alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, naye aligombea kiti cha eneobunge letu katika Bunge la Texas. Kwa miaka mingi mbunge wetu alikuwa amepita bila kupingwa. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikisomea katika chumba cha mbao kilichowekwa nyuma ya shule, ambamo mvua ikinyesha hatukumsikia mwalimu. Bi Ruth alikuwa ameahidi kutupigania tupate madarasa ya kweli, kwa hiyo niliuona uchaguzi ule kama wangu.

Mama alikuwa amepata uraia mwaka uleule. Alijitambulisha milangoni kwa Kiingereza chake cha Nyeri bila haya yoyote, na mtu akifoka alimwacha amalize ndipo amjibu. Nyumba moja ilikuwa ya Bwana Earl, mzee mjane aliyetuambia papo hapo kwamba hatampigia Bi Ruth kura hata kwa mtutu wa bunduki. Mama alicheka, akamuuliza atafikaje kituoni. Macho ya mzee yalikuwa na ukungu, na mwanawe alikuwa amehamia mbali.

“Nitakuja kukuchukua,” Mama akamwambia.

Tulipofika barabarani nilimlalamikia kwa Kiingereza, kama nilivyozoea, kwamba yule atatupinga.

“Najua,” akanijibu. “Sasa na macho yale ata-drive vipi?”

Siku ya kura alinipitia shuleni, kisha tukamchukua Bwana Earl. Alitoka amevaa tai. Mama alimshika mkono hadi ndani ya ukumbi, mimi nikabaki nimenuna kwenye benchi. Wakati wa kurudi mzee alitueleza waziwazi kwamba amemchagua mbunge yuleyule wa siku zote. “Nilidhani hivyo,” Mama akasema. “Funga mkanda, Bwana Earl.”

Asubuhi iliyofuata redio ilitangaza kwamba Bi Ruth ameshindwa kwa kura chache mno. Nililia. “Wewe ndiye uliyempeleka!” nikamwambia Mama, na safari hii nilisema kwa Kiswahili ili imchome. Aliacha kukata mkate. Macho yake pia yalikuwa mekundu. Akaniambia kwamba baba yake, babu yangu, aliwahi kutolewa kwenye foleni ya kura huko nyumbani kwa sababu waliokuwa pale walijua atamchagua nani. Alirudi akaketi jikoni, na siku nzima hakutaka kula. “Siwezi kumfanyia mzee wa watu hivyo,” akasema. “Hata nikishindwa.”

Kisha tulikwenda kwa Bi Ruth, na pale mlangoni Mama akakiri yote bila kuulizwa. Niliogopa kwamba Bi Ruth atatufukuza. Halafu akacheka mpaka akashikilia fremu ya mlango, akamvuta Mama kifuani.

Sasa naishi Katy, mji mwingine wa Texas, na matokeo ya uchaguzi yananifikia kwenye simu kabla chai haijapoa. Kuna majirani wangu wawili ambao hawasalimiani tena kwa sababu ya bango. Mimi mwenyewe nikimwona mpinzani wangu amekwama siku ya kura, sina hakika kama nitasimamisha gari. Mama hakuwahi kuingia katika Bunge lile kule Austin. Lakini tangu wakati huo nimewasikiliza wanasiasa wengi, wa kila upande, wakisifu haki ya kila raia kupiga kura, na bado sijamwona hata mmoja aliyemshika mpinzani wake mkono asijikwae akienda kumpinga.