Nyumba ya Bibi Aliyekufa Mara Mbili

Karani aliniuliza jina la maiti, nami nikampa jina la mama yangu mzazi. Mama alikuwa hai, huko kwetu Pap Onditi, na asubuhi ile pengine alikuwa anapalilia mtama. Aliyelala mbele yangu kwenye mkeka, amefunikwa kanga mpaka usoni, alikuwa bibi mwenye nyumba. Lakini kitabu cha karani kilisema bibi huyo alishakufa zamani, na serikali haizuii mtu kufa, inazuia tu kufa tena.

"Weka kidole hapa," karani akasema.

Nikaweka. Nilimuua mama yangu kwenye karatasi, na nilifanya hivyo kwa ajili ya nyumba.

Mimi niliachia shule darasa la nne, kwa hivyo atakayesoma anivumilie. Majina siandiki. Lakini waliofanya haya ni watatu na mtaa mzima unawajua: mpwa wa bibi ambaye ni dereva wa lori, dalali wa nyumba anayevaa koti hata jua likiwaka, na huyo karani mwenye muhuri.

Miaka ya themanini ilikuwa inaishia. Mume wangu alikuwa amekufa, na ndugu yake alitaka kunirithi kama desturi ya kwetu inavyosema. Nilikataa, na mwanamke akikataa, boma linamkataa. Nikahamia Kisumu. Nilikuwa nanunua samaki ufukoni Dunga, nakaanga kando ya barabara, naweka akiba. Nilitaka kitu kimoja tu, mlango ambao hakuna mtu angeweza kuniambia nitoke. Shemeji yangu aliposikia alicheka.

"Nyumba ya mjini si dala," akasema, maana yake si boma la mtu. "Ukifa tutakuzika wapi, chini ya lami?"

"Nizikeni popote," nikamwambia. "Nikiwa hai ndio nataka pa kulala."

Dalali alinipeleka mtaa wa zamani wa Waislamu, si mbali na soko. Wengine babu zao walitoka pwani, wengine walikuja na reli. Nyumba zao zilikuwa za udongo uliopakwa saruji, mabati ya zamani mazito, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Watoto walikuwa wameenda Nairobi na Mombasa, nyumba zikabaki na wazee, kwa hivyo bei ilikuwa ya mtu kama mimi. Na kanjo, yaani baraza la mji, ilikuwa imeanza kuleta bomba la maji na nguzo za stima.

"Mama, mtaa huu unaamka," dalali akaniambia. "Nunua sasa, kabla haujanawa uso."

Nyumba ilikuwa ya shangazi wa huyo dereva. Alisema shangazi ametangulia na yeye ndiye mrithi, akanionyesha karatasi ya kifo yenye muhuri. Niliisoma polepole, lakini karatasi siyo iliyonifanya niamini. Nilitaka kaburi. Kwetu kaburi ndilo hati ya shamba. Wazee wakigombania mpaka wa shamba, wanaulizana: nani wenu amelala hapa? Na juu ya kaburi mtu hasemi uongo, chira itamshika, ile laana ya kukondesha mtu na watoto wake mpaka waishe. Nilidhani watu wote wanaogopa hivyo.

Wakanipeleka makaburini. Wakanionyesha tuta la udongo na mawe mawili, bila maandishi. Nilijua Waislamu wengi pale hawaandiki, basi sikuuliza. Mpwa akafungua viganja akaomba. Dalali, mwenzangu wa kanisa, akainamisha kichwa. Nikalia kidogo, kwa heshima. Mpaka leo sijui nililia juu ya nani.

Nikalipa, nikaingia na vitanda viwili na masufuria yangu. Majirani walinipokea vizuri, ila walipozungumza nami macho yao yalikuwa yanapita begani kwangu, yanaingia ndani ya nyumba. Jirani wa mkono wa kulia, mama mmoja mshona kofia, alikuja siku ya kwanza akasimama mlangoni.

"Ule mrehani wa dirishani usiung'oe," akasema. "Bibi haupendi ung'olewe."

"Sitaung'oa."

"Na chumba cha nyuma usikitilie samaki. Akirudi atasikia harufu."

Nikasema sawa, ndivyo hawa watu wanavyowataja wafu wao. Kwetu marehemu ambaye umeingia nyumbani kwake humtaji ovyo. Kwa hivyo sikuuliza. Naye alidhani mimi ni mpangaji, hakuuliza. Mwezi wa Ramadhani aliniletea futari, kila jioni sahani mbili.

"Moja ni ya nani, mama?"

"Ya nyumba," akajibu, akaenda zake.

Chumba cha nyuma sikukitumia. Sakafu yake iling'aa mahali pawili, karibu karibu, na nilipopiga magoti kuipangusa, magoti yangu yaliingia palepale. Nikasimama nikafunga mlango. Asubuhi nyingine nilikuta umefunguka. Nikajiambia ni upepo wa ziwa, nikazoea. Karibu miaka miwili ilipita hivyo.

Kisha ikaja Ijumaa moja saa saba mchana. Wanaume walikuwa msikitini, njia ilikuwa tupu. Nilikuwa jikoni nasafisha mbuta, samaki wa ziwani. Nikasikia kandambili zinaingia ukumbini, na mwenye nazo hakupiga hodi. Nikachungulia. Bibi mmoja mwembamba, jicho moja lina ukungu, ana furushi kichwani, alinipita kama mtu anavyopita kiti. Akaingia chumba cha nyuma. Bila kutazama alipeleka mkono nyuma ya mlango, akavua buibui, akalitundika kwenye msumari. Mimi nilikuwa nimeishi pale muda wote huo na sikujua kuna msumari.

"Mtungi wangu nani kauhamisha?" akauliza.

Nilitazama sakafu nione kama ana kivuli. Kilikuwepo. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa, kwa sababu mzimu unaweza kuuombea uondoke, lakini mtu aliye hai, mwenye nyumba yake, utamwombea nini?

"Wewe ndiwe mpangaji aliyewekwa na mwanangu," akasema. "Mwanangu" alimaanisha mpwa wake. "Alinipeleka Mumias kwa jamaa, eti nipumzike. Nimechoka kupumzika. Unapika nini?"

"Samaki, bibi."

"Basi tia ndimu."

Jioni hiyohiyo nilimtafuta dalali. Akafunga vifungo vya koti.

"Umemwambia kitu?"

"Nimwambie nini? Kwamba nimeona kaburi lake?"

"Usimwambie. Ni mzee yule, Mama. Wewe ngoja tu."

Mpwa naye akaniambia maneno hayohayo, ngoja tu. Nami nikangoja. Hii ndiyo sehemu ninayoona aibu. Zaidi ya mwaka mmoja tuliishi pamoja. Alinisukia mkeka, alinifundisha kukuna nazi bila kujikata. Alinisamehe kodi, yaani alikataa nimlipe, akisema mtu anayempikia si mpangaji. Na kila alipokohoa mimi niliacha kijiko, nikasikiliza kama kile kikohozi kinaenda chini au kinapanda juu. Wakati mwingine nikigeuka nilimkuta ananitazama kwa lile jicho zima.

"Unahesabu nini, mwanangu?"

"Sihesabu, bibi."

"Haya."

Alikufa asubuhi, jua limeshatoka, uji wake bado unatoa mvuke. Kina mama wakaja kumwosha. Wanaume walitaka kuzika kabla ya adhuhuri, lakini lazima kibali. Mpwa akaenda, akarudi na karani na kitabu chake. Waliniita ndani ya chumba cha nyuma alimolazwa bibi, wakafunga mlango. Nje watu walikuwa wanasoma dua.

"Huyu siwezi kumwandika," karani akasema. "Alishakufa. Muhuri ni wangu."

"Andika upya," nikasema. "Kata ile ya kwanza."

Mpwa akanitazama bila hasira yoyote. "Mama, fikiri. Kama shangazi amekufa leo, basi siku ile nilikuuzia nini? Hukununua kitu. Toka basi, twende tukaseme ukweli kwa watu."

Karani alishika kalamu, akauliza jina. Nje walikuwa wanangoja jeneza. Nilitafuta jina la mtu yeyote, na mdomoni likaja lile moja ambalo mtoto hulijua kwanza. Wale waliokuwa wanaomba nje walijua wanamzika nani. Karatasi ndiyo haikujua.

Nilienda Pap Onditi kumwambia mama. Aliendelea kupepeta mtama.

"Kwa hivyo nina kaburi Kisumu," akasema, "na sina hata kiti huko."

Hakucheka. Hakunitazama pia, siku hiyo na siku nyingi baadaye.

Nyumba nilikaa nayo miaka michache. Stima ikaingia, barabara ikawekwa lami, na watu wenye magari wakaanza kusimama na kutazama mabati yetu. Mtaa ulikuwa umenawa uso. Mpwa akaja na mnunuzi mwingine na makaratasi mapya. Nikamwambia nitaenda polisi.

"Nenda," akasema. "Chukua na kidole chako."

Nilipewa wiki moja. Leo pale kuna ghorofa, chini maduka, juu vyumba vya kupanga. Mimi nimepanga chumba mtaa wa Manyatta, na mwenye nyumba hugonga mlango kila mwezi.

Nimesema langu, na kidole kile kilikuwa changu. Sasa ninyi watatu. Wewe dereva, wewe wa koti, na wewe karani ambaye nasikia umestaafu vizuri: njooni barazani, mbele ya yule mshona kofia na mtaa wote, mseme bibi alikufa lini. Kama alikufa ile mara ya kwanza, nyumba ni yangu, nirudishieni. Kama alikufa ile mara ya pili, mliuza nyumba ya mtu aliye hai, na mliniweka ndani yake ningoje afe. Chagueni siku moja. Mkishachagua, mjibu.