Mke Mwenza wa Magurudumu Manne

Kinyozi alikuwa na wake wawili, na wa pili alikunywa petroli. Ndivyo mke wa kwanza alivyopenda kuwaambia wageni, kisha akawaacha wahangaike kidogo na chai yao kabla ya kuwaonyesha kwa kidevu gari lililoegeshwa chini ya dirisha. Lilikuwa la bluu iliyopauka, taa za duara kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, na umri wake ulizidi wa ndoa yao. Alilibandika jina la Mke Mwenza siku lilipoletwa, na tangu hapo hakuna aliyeliita vingine.

Kuna watu wenye magari ya kale ambayo hutolewa nje siku moja, yakapigwa picha, yakarudishwa ndani na kufunikwa shuka kama maiti ya tajiri. Mke Mwenza hakuwa wa namna hiyo. Huyu alikwenda kazini kila siku. Asubuhi alimpeleka kinyozi kwenye kibanda chake cha kunyolea, mchana alibeba magunia ya sokoni, jioni alirudi nyumbani akinuka kama wanaume wote wanaorudi jioni. Na kinyozi alimtunza kwa adabu ambayo mke wa kwanza alidai hajawahi kuionja. Kila alfajiri alipima oili na maji, akafuta vichwa vya betri kwa maji ya moto, kisha akawasha na kusimama kando ameinamisha shingo, akisikiliza injini kama daktari anayesikiliza kifua. Plagi alizisugua kwa mswaki. Mswaki huo, mkewe alikuwa bado anautumia.

Geji ya mafuta ilikufa zamani, ikazikwa bila matanga. Badala yake kinyozi alikuwa na kijiti, kirefu na chembamba, ambacho alikitumbukiza kwenye tangi, akakitoa, akatazama kimelowa hadi wapi. Mdomo wa tangi nao haukuwa na kifuniko kwa miaka mingi. Ulizibwa kwa tambara lililochanwa kutoka kwenye shuka la zamani, likasokotwa vizuri. Mtoto wao wa kiume, ambaye anafanya kazi ofisini na ana viatu vya kuendea huko, aliliona tambara lile kila alipokuja na kila mara likamuumiza roho. Siku wezi walipofyonza petroli usiku, akapata sababu. Alileta kifuniko kipya kinachong'aa, chenye kufuli na ufunguo wake. Kinyozi alishukuru mpaka mwanawe akaona haya. Ufunguo akakabidhiwa mama, maana baba mtu ana kipaji cha kupoteza vitu.

Sasa, mama huyu alikuwa ameanguka bafuni na kuumia nyonga. Daktari alimwagiza ahudhurie mazoezi kliniki kila Ijumaa, la sivyo mguu utakakamaa na kutembea atakusikia kwa majirani. Gari la mwanawe lilikuwa refu kama ghorofa. Walijaribu mara moja kumpandisha: mtoto akisukuma kutoka nyuma, kinyozi akivuta kutoka ndani, majirani wakitoa ushauri. Alipofika juu aliapa kwamba safari nyingine ya namna ile itakuwa ya kumpeleka makaburini, ambako angalau hatakuwa na habari. Lakini kiti cha Mke Mwenza kilikuwa kipana na kiko usawa wa makalio. Aliketi kwanza, kisha akaingiza miguu mmoja mmoja, kama bibi harusi. Siku hizo alikoma kumsema vibaya mwenzake.

Na ni siku hizo hizo Mke Mwenza alipoanza kugoma. Angeondoka vizuri, akapita soko akiimba, kisha akifika kwenye kile kilima kirefu anakohoa, anajikongoja, anazima. Kinyozi alishuka, akaomba ufunguo, akafungua tangi, akatumbukiza kijiti. Mafuta tele. Akafunga, akapiga stata, na gari likawaka kana kwamba lilikuwa linatania. Baada ya mwendo kama ule, likazima tena. Akashuka tena na kijiti chake, likawaka tena. Mwishowe alianza kukiheshimu kijiti kile. Alikifuta kwa kitambaa safi na hakutaka mtu mwingine akiguse.

Fundi wa gereji ya mtaani, aliyeitwa Fundi Kesho kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kwa kila mteja, alisafisha kabureta, akabadilisha koili, kisha pampu ya mafuta. Kila mara alilijaribu kwa kuzunguka gereji yake na kurudi akitabasamu, kwa vile kuzunguka gereji hakujawahi kulishinda gari lolote. Pale kibandani, wateja nao walitoa uchunguzi wao wakiwa na povu mashavuni. Mmoja ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli alisema kwa huzuni kubwa kwamba hiyo ni injini, na imekwisha.

Siku mama alipokaa juani kando ya kilima huku malori yakimpigia honi, mtoto alikata shauri. Mgahawa mmoja ulitaka gari la kale la kuweka bustanini: wangeling'oa injini na kupanda maua kwenye boneti. Wangekuja kulivuta Jumamosi. Kinyozi aliomba Ijumaa moja tu. Mtoto alikubali, kwa sharti kwamba atawafuata nyuma na ghorofa lake. Likizima hata mara moja, basi, mama atahamia kwake na mazungumzo yamekwisha.

Kinyozi hakula vizuri usiku ule. Maua kwenye boneti! Angekuwa anapita pale kila siku, akimtazama mkewe wa pili akimwagiliwa maji.

Alhamisi mama alikuwa anamnywesha mjukuu maziwa. Mjukuu alinyonya kwa pupa, mara akaachia chupa na kulia. Chuchu ya chupa ilikuwa imenywea, imejikunja ndani. Bibi alilegeza kifuniko kidogo, kama alivyowafanyia watoto wake wote, na chupa ikavuta upepo: fyuuu. Akabaki ameishika hewani.

"Baba Watoto," aliita, "njoo usikie mwenzangu anavyolia."

Kinyozi alikuja na kitana mkononi. Mkewe alimfungia mjukuu chupa, akamwacha anyonye, kisha akalegeza tena. Fyuuu.

"Hiyo ni chupa," kinyozi alisema.

"Na wewe ukifungua lile tangi? Mdomo wake uko upande wangu, nasikia kila mara. Fyuuu, halafu gari linawaka. Unadhani ni kijiti?"

Kinyozi alikaa chini taratibu. Petroli inatoka, upepo hauingii, tangi linajinyonya mpaka mafuta yanakataa kutoka. Lile tambara lilikuwa likipumua miaka yote. Walikuwa wamekishuku kila kitu kizee ndani ya gari lile, na hakuna aliyekitazama kile pekee kilichokuwa kipya.

"Kifuniko cha mtoto," alisema.

"Usimwambie," mama alisema haraka. "Alikileta kwa moyo safi."

Kinyozi alikwenda mbio gerejini. Fundi Kesho alicheka mpaka akakalia tairi, akasema amebadilisha kila kitu isipokuwa hicho na dereva. Kisha alitoboa kifuniko tundu dogo kama la sindano, akakirudisha, na kwa mara ya kwanza katika historia ya gereji ile kazi ikamalizika siku hiyo hiyo.

Ijumaa waliondoka, ghorofa nyuma yao. Wakapita soko. Kwenye kilima mama alishika ufunguo kwa mikono miwili. Kinyozi aliingiza gia ya pili na kuacha kupumua, akidhani labda kwa kufanya hivyo anamwachia Mke Mwenza hewa zaidi. Pale pa kukohoa pakapita. Pale pa kuzima pakapita. Kileleni mama alipapasa dashibodi iliyopasuka.

"Asante, mwenzangu," alimwambia.

Mbele ya kliniki mtoto alishuka, akalizunguka gari lote, akapiga tairi teke dogo la heshima. Alitoa simu na kuuambia mgahawa utafute chungu kingine cha maua. Kisha akauliza lilikuwa na nini.

Kinyozi alihisi kidole cha mkewe kikimbinya ubavuni.

"Lilikuwa limebanwa kifua," alisema.

"Angalau kile kifuniko changu kimesaidia," mtoto alisema. "Hawaibi tena."

"Kimesaidia sana, mwanangu. Asante." Na alimaanisha, maana mtu aliyetoka kazini ili aendeshe gari lake polepole nyuma ya wazazi wake, akiomba waharibikiwe na akiomba wasiharibikiwe, anastahili shukrani hata akileta kifuniko kibaya.

Mama alitoa mguu mmoja, kisha wa pili. Alisimama mwenyewe, akamwachia mumewe ufunguo, akamshika mwanawe mkono, wakaingia ndani. Kinyozi alibaki nje, akafungua tangi kusikiliza. Kimya. Akapima kwa kijiti, kwa mazoea tu, kisha akakifuta vizuri na kukirudisha mahali pake.