Nsansa Chini ya Kofia za Saluni

Kila alfajiri, kabla macho hayajafunguka sawasawa, Verediana alikuwa kwao Maswa, Usukumani. Alisimama peku juu ya jiwe la kwao, jiwe pana kama uwanja wa shule, na mama yake alikuwa anatandaza majani ya kunde bila haraka, anaimba kitu kisicho na maneno. Halafu basi la kwanza lilipita nje na jiwe likayeyuka. Akawa yupo Sydenham, Durban, kwenye chumba cha uani.

Lakini kunde zilikuwepo kweli. Alikuwa amezipanda mwenyewe chini ya ukuta wa jirani, pamoja na mchaichai, kwa mbegu alizosafiri nazo ndani ya soksi. Zilikuwa hazijazaa hata ganda moja siku mwenye nyumba alipokuja, akaitazama bustani, akasema mwisho wa mwezi atamwaga zege hapo ili magari ya wapangaji yapate pa kulala.

Verediana hakugomba. Uwanja si wake. Aliamua tu kuchuma kila jani atengeneze nsansa, ile mboga ya Kisukuma inayochemshwa, ikakamuliwa, ikaanikwa mpaka ikauke, ikakaa miezi yote ya baridi ikingoja karanga na ugali. Mchaichai aliufunga mafungu akauning'iniza jikoni. Nsansa aliitandaza juu ya bati la banda, na alipokuwa akiitandaza, akajikuta naye anaimba kitu kisicho na maneno. Hii ikiharibika, alijua, hakuna nyingine. Ladha ya kwao ingeishia hapo.

Jioni ilipoingia hakuanua. Kwao nani anaanua nsansa? Inalala nje na nyota zake mpaka ikauke, basi. Akalala usingizi mtamu.

Ila usiku wa Durban unapumua bahari. Hewa ilipanda taratibu kutoka ufukweni, ikapita juu ya mapaa, ikakaa juu ya bati kama mtu aliyechoka. Asubuhi majani yalikuwa yamelowa. Mchana wingu, usiku unyevu tena. Kulipokucha tena, baadhi yalikuwa yameota kitu cheupe, laini, kizuri hata kukitazama, kama hujui ni nini.

Colette, jirani yake wa Bukavu, Kongo, anayefanya kazi saluni, alimkuta amesimama pale na kanga yake mabegani.

"Dada Vere, unaangaliaka nini hivyo? Kuna maiti?"

"Nsansa yangu imeota ndevu."

Colette akachukua jani, akalinusa, akachukua jingine. "Bon. Yenye ndevu, tupa. Hii ingine iko mzima. Ichemshe tena, nitaipeleka kazini."

"Saluni?"

"Mimi nakaushaka vichwa vya watu kila siku. Majani ndiyo itanishinda?"

Ndivyo Jumapili mchana masinia ya Verediana yalivyokaa kwenye viti vya wateja, yameinuliwa kwa mito, kila moja chini ya kofia yake ya kukaushia nywele. Kofia zikanguruma kwa sauti ya chini. Harufu ya kunde ikachanganyika na ya mafuta ya nywele, na kwenye kioo kikubwa robot, ile taa ya barabarani, iligeuka nyekundu, kijani, nyekundu, ikiyapaka majani rangi.

Tina, mteja aliyekuwa anajiandaa kwa harusi, aliwekwa kiti cha mwisho. Akalitazama kwa pembeni sinia la kiti cha jirani.

"Huyu wa hapa anatengeneza style gani?"

"Huyo ni Msukuma," Colette akasema. "Nywele zake ngumu, inabidi zikae sana."

"Eish. Mwambie asininukishe harusini."

Verediana alicheka, na kicheko kilipoisha, joto likamlegeza. Kichwa chake kikaegemea ukuta. Jiwe la Maswa likaingia saluni bila kubisha hodi, likajinyoosha kati ya viti, na mama yake akapita juu yake, akainua kofia moja, akachungulia, akaishusha kwa adabu.

"Dada Vere. Amka ushike."

Alishika. Majani yakavunjika vidoleni kwa mlio mkavu. Akatafuna kipande, macho amefumba. Ilikuwa nsansa. Nyuma ya ladha hiyo, kwa mbali sana, kulikuwa na mafuta ya nywele.

Aliimimina yote kwenye mfuko wa kitambaa. Haikufika nusu ya mfuko.

"Ni kidogo," Tina akasema, safari hii bila utani.

"Kidogo. Nitaipika zile siku za baridi kali tu." Akamsogezea Colette mfuko. "Chukua ya kwako."

"Hapana. Siku ukipika, unigongee mlango."

Akarudi nyumbani kwa miguu, mfuko ndani ya koti, bado unampa joto tumboni. Getini alikuta mifuko ya saruji imeshushwa, imepangwa juu ya mashina ya kunde. Akaizunguka, akaingia ndani, akatafuta mahali pakavu pa kuuweka mfuko.